Mshono kwa Mshono: Historia ya Sindano Katika Nyumba Zetu



Katika tafakari ya juma hili napenda tuitazame historia ya chombo ambacho ni kidogo kuliko vyote vilivyomo nyumbani, nacho ni sindano ya mkono. Hapa Kinampanda, kama ilivyo katika sehemu nyingi za nchi yetu, si ajabu kuingia sebuleni na kukuta kitambaa kilichotariziwa maua kikiwa kimetandikwa juu ya meza au mgongoni mwa kiti. Mgeni huketi, hunywa chai, huaga na kuondoka, bila kuuliza ni nani aliyekishona kitambaa hicho na kilimchukua jioni ngapi. Na fomu ya shule ya mtoto inapojazwa, mbele ya neno "kazi" mama huandikiwa "mama wa nyumbani", na wengi husoma hapo kwamba hana kazi.

Nia yangu ni kuonyesha kwamba kazi ya sindano imewavika watu wetu heshima katika nyakati ngumu. Kwamba sikuzote imekamilishwa kidogo kidogo, katika saa zilizobaki baada ya kazi nyingine. Na kwamba sisi tumeipokea faida yake huku tukiwasahau walioifanya.

Kabla ya nguo za pamba kuenea huku bara, wahenga wetu wa Singida walijifunika ngozi zilizolainishwa. Nguo nyingi za pamba zililetwa kutoka pwani. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo, kusini ya Iramba yetu, na wapagazi walibeba marobota ya nguo kwa sababu nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya safari. Hongo, yaani ushuru wa kupita katika nchi ya mtemi, ililipwa kwa nguo. Kipimo chake kilikuwa mkono: mikono minne ilifanya shuka, na mikono minane ilifanya doti, jina tunalolitumia hadi leo tunaponunua jozi ya kanga.

Nguo iliyosifiwa kuliko nyingine ilikuwa merikani, na jina lake linataja asili yake. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sultani Said bin Sultan, na mwaka 1837 ikamweka konseli wake Zanzibar. Tutafakari safari ya nguo hiyo. Pamba ililimwa na watumwa katika majimbo ya kusini ya Marekani, ikafumwa katika viwanda vya Massachusetts, ikavuka bahari, na mwisho ikavaliwa na watumwa wa Zanzibar. Wale waliolima na hawa waliovaa hawakuonana kamwe.

Visiwani, katika karne ya 19, hali ya mtu ilitambulika kwa vazi lake. Mwanamke mtumwa alivaa merikani isiyotiwa rangi, au kaniki, ambayo ni merikani iliyotiwa rangi ya nili iliyokoza. Nguo za rangi na mapambo zilikuwa za wengine. Hapo ndipo sindano ilipoingia katika historia yetu kwa namna ya pekee. Masimulizi ya pwani yanaeleza kwamba wanawake walianza kununua leso, yaani vile vitambaa vya mraba vilivyoletwa na wafanyabiashara na ambavyo jina lake limetoka katika neno la Kireno lenço. Badala ya kununua leso moja moja, walikatiwa kipande kirefu chenye leso sita. Walikigawa katika vipande viwili vya leso tatu tatu, kisha wakaviunganisha ubavu kwa ubavu kwa sindano ya mkono. Likapatikana vazi moja pana la kujifunga, lenye rangi na mpangilio ambao kila mwanamke alijichagulia mwenyewe.

Wafanyabiashara walipoona mavazi hayo yanapendwa, waliagiza nguo pana zilizokwisha kuchapwa, zisizohitaji kuungwa. Ndiyo kanga tunayoijua. Hata sasa kanga ina pindo kuizunguka na mji katikati, na hata sasa doti huuzwa ikiwa haijakatwa, nawe mwenyewe huikata na kuipiga pindo nyumbani. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliotoka utumwani waliiacha kaniki na kujifunga kanga, kusudi kila mwenye macho aone kwamba wao ni watu huru. Huku Tanganyika sheria ya namna hiyo ilikuja mwaka 1922.

Hapa pana jambo la kuangaliwa. Mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, aliyefungua duka lake Mombasa mwaka 1887, alizitia kanga zake alama ya K.H.E. pamoja na maneno "Mali ya Abdulla". Alistahili, kwa kuwa biashara ilikuwa yake. Lakini mwanamke wa kwanza aliyeziunga leso sita, ambaye wazo lake limewavika mamilioni ya watu, hakuna anayelijua jina lake.

Sambamba na kanga kuna kofia ya kutarizi, ile inayovaliwa na ndugu zetu Waislamu kuanzia Lamu hadi Zanzibar na Komoro. Fundi huchukua kipande cha duara cha utosini na ukanda wa kuzunguka kichwa, vyote viwili vya tabaka zaidi ya moja za kitambaa, akavishona kwa mishono midogo iliyo karibu karibu hadi kofia isimame yenyewe. Kofia ya viua hutobolewa matundu madogo mengi sana, na kila tundu huzungushiwa uzi ukingoni. Kofia moja nzuri huweza kuchukua majuma mengi, hata miezi. Kwa hiyo haishonwi kwa mkupuo. Hushonwa ugali ukiwa jikoni, mtoto akiwa amelala, jirani akiwa amekuja kuzungumza. Wanawake wengi wa visiwani wamewashonea waume zao, na wengine wamesomesha watoto kwa kofia walizouza. Huko Oman, nchi iliyofungamana na Zanzibar kwa utawala na undugu wa damu, kofia ya jinsi hiyo huitwa kumma, na husemwa kuwa asili yake ni pwani yetu.

Kanisa nalo lina sehemu yake katika historia hii. Mnamo Desemba 1860 Padre Armand Fava alifika Zanzibar kutoka kisiwa cha Réunion akiwa pamoja na mapadre wenzake na masista wa Shirika la Mabinti wa Maria. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1849, mwaka mmoja baada ya utumwa kukomeshwa kisiwani humo, na liliwapokea katika utawa mmoja wanawake wa Kizungu pamoja na wale waliotoka utumwani. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliichukua kazi hiyo mwaka 1863, na mwaka 1868 wakafungua misheni ya Bagamoyo. Huko wasichana waliokombolewa walifundishwa kushona. Mtoto aliyenyang'anywa wazazi na jina alipewa sindano, uzi na kipande cha kitambaa, akajifunza kujishonea nguo yake mwenyewe.

Lazima tuseme pia ukweli mwingine. Katika shule nyingi za misheni na baadaye za serikali ya kikoloni, wavulana walifundishwa useremala, uashi na uchapaji, kazi zilizolipwa mshahara, wakati wasichana walifundishwa sindano ili wawe wake wema. Ustadi uleule, kwa vile ulikaa nyumbani, haukuhesabiwa kuwa kazi. Fundi cherehani wa sokoni aliitwa fundi. Mkewe aliyetarizi usiku aliambiwa anapitisha muda. Dharau hiyo tumeirithi.

Sindano iliwafuata hata wale waliopelekwa mbali. Katika jimbo la Karnataka, India, wanaishi Wasidi, wazawa wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi katika karne zilizopita, wengi wao wakiwa watumwa wa Wareno wa Goa. Miongoni mwao wamo Wakatoliki, Waislamu na Wahindu. Wanawake wao hushona mfarishi unaoitwa kawandi, yaani shuka nene la vipande vya nguo kuukuu vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka na kushikizwa kwa mishono ya mkono. Mama huanzia pembeni, huzunguka kingo zote, kisha husogea ndani polepole hadi afike katikati. Pembe nne hutiwa vipande vidogo vilivyokunjwa, viitwavyo maua, na mfarishi usio na maua huhesabiwa kuwa uko uchi. Nguo iliyochakaa ya baba, gauni la binti, shati la aliyefariki: vyote huwafunika wajukuu.

Nao waliovushwa Bahari ya Atlantiki walifanya vivyo hivyo. Harriet Powers alizaliwa mtumwa huko Georgia, Marekani, mwaka 1837, mwaka uleule konseli wa Marekani alipofika Zanzibar. Alipokwisha kuwa huru alishona mfarishi wa picha za Biblia, akauonyesha katika maonyesho ya mwaka 1886. Mwalimu mmoja wa sanaa, Jennie Smith, alitaka kuununua, lakini Harriet alikataa. Miaka michache baadaye, umaskini ulipomzidi, aliuza kwa dola tano kile alichotaka kukiuza kwa dola kumi. Siku ya kuuza alieleza maana ya kila picha, na Bibi Smith akaandika. Kwa sababu ya maandishi hayo, mfarishi huo umehifadhiwa katika jumba la makumbusho la taifa mjini Washington ukiwa na jina la aliyeushona. Ni wangapi walioshona vizuri kama yeye, wasipate mtu wa kuuliza wala wa kuandika?

Wapendwa, Maandiko Matakatifu yanatupa mfano wa kuuliza na kuandika. Katika Matendo ya Mitume 9:36-42 tunasoma habari za mwanafunzi mmoja wa Yopa. Mwinjili Luka anatuachia majina yake mawili, Tabitha na Dorkasi. Alipofariki, wajane walimzunguka Petro wakilia. Hawakumsomea risala ya sifa. Walimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Nguo zile ndizo zilizokuwa ushahidi wa maisha yake. Dorkasi hakuzishona zote siku moja. Aliziongeza moja baada ya nyingine, kwa kadiri alivyomwona mjane mwingine akikosa vazi.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mama anayetarizi mistari miwili kila jioni huenda asione tofauti kati ya jana na leo, hata akakata tamaa na kuiweka kazi chini ya kitanda. Lakini anayerudi kesho yake, akafumua alipokosea na kuendelea alipoishia, siku moja huinua kichwa akakuta kazi imekwisha. Historia niliyoieleza imejengwa na watu wa namna hiyo, waliokuwa na muda mchache kuliko sisi na taa hafifu kuliko zetu.

Sisemi kwamba sindano ya mkono itaishinda cherehani, wala kwamba kitambaa cha meza kitashindana kwa bei na mitumba ya mnadani. Bei ya kazi hii mara nyingi ni ndogo mno, na mwenye watoto wa kulisha ana haki ya kuchagua kazi yenye kipato. Ninachosema ni kwamba kazi isiyolipwa vizuri isihesabiwe kuwa si kazi, na aliyeifanya asisahaulike.

Kwa hiyo nawaomba mambo mawili. Kwanza, kila mwenye kitambaa, shuka au mfarishi unaoendelea nyumbani, atakapomaliza atie kwenye pembe jina lake na mwaka, kwa uzi uleule. Pili, vijana wetu, na hasa ninyi wanafunzi wa Chuo cha Ualimu Kinampanda mtakaofundisha watoto, waendeeni bibi zenu kabla hawajaondoka duniani. Waulizeni ni nani aliyewafundisha kushona, walitumia uzi gani, walimshonea nani. Andikeni majibu katika daftari, pamoja na majina.

Nawatakieni nyote juma lenye amani na mikono yenye kazi.

Padre wenu.