Wokovu Uliorudisha Kuku

Cucu yangu, yaani nyanya yangu, aliokoka miaka michache kabla ya Dharura ya vita vya Mau Mau, na kazi ya kwanza aliyoifanya baada ya kutubu ilikuwa kumpelekea jirani kuku. Jirani hakuwa amemdai. Kuku wake alikuwa amepotelea kwetu zamani, akaliwa, watu wakasahau. Cucu alisimama ushirikani akalitaja jambo hilo mbele ya wote, kisha akakamata mtetea wake mnono na kuvuka kijito.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi mtaa wa Dallas hapa Embu mjini. Vijana wa mtaani huniuliza kama Wakristo wa zamani waliijua huruma ya Mungu, au walijua amri za wamisheni tu. Waliijua, tena iliwagharimu.

Injili ilifika huku ikiwa imetanguliwa na bunduki. Mwaka 1906 Waingereza walileta jeshi dhidi ya Waembu, wakajenga boma lililokuja kuwa mji huu. Mwaka 1910 Daktari T. W. W. Crawford wa CMS, chama cha wamisheni Waanglikana, akaanzisha misheni Kigari. Wamethodisti wakakaa Kaaga, Meru, mwaka 1912. Waskoti wakapata daktari wao Chogoria, Clive Irvine, mwaka 1922. Ubatizo uliandamana na kusoma, na kusoma kuliandamana na kazi ya mshahara, kwa hiyo mtu aliweza kuwa Mkristo wa daftari miaka na miaka moyo wake ukiwa palepale. Halafu mgogoro kati ya wamisheni na wenyeji kuhusu tohara ya wasichana, uliopamba moto mwaka 1929, ukawatoa wengi kanisani.

Mwaka huohuo, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba. Kutokana na maombi hayo uamsho ukashika Gahini, Rwanda, na mwaka 1937 kikundi cha mashahidi kikafika Kabete. Kutoka huko uamsho ulipanda mpaka kwetu, na wakulima wasiojua Kiganda wakawa wanaimba Tukutendereza, wimbo wa uamsho wa Kiganda.

Ahonoki, yaani waliookoka, kama walivyoitwa, hawakuleta fundisho geni. Kilichowashtua watu ni kwamba mchungaji, mpishi wake na Mzungu wa misheni walisimama mahali pamoja na kukiri dhambi zao, kila mmoja akimwita mwenzake ndugu. Wazee walikasirika, na kwa kiasi fulani walikuwa na haki: toba nyingine zilitaja watu ambao hawakuomba kutajwa, na nyumba zikatikisika. Lakini naona walielewa jambo ambalo mahubiri mengi ya leo hulipita haraka. Kwa Mungu hawakuwa na cha kulipa. Damu ya Yesu ilikuwa imemaliza. Kwa kuwa deni hilo kubwa lilikwisha, hawakuogopa tena kuonekana wezi wa kuku mbele ya jirani. Walirudisha majembe, wakalipa kodi walizokwepa, wakaomba radhi kwa wake zao.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Dharura ikatangazwa. Wengi wa ahonoki walikataa kiapo cha Mau Mau, wakisema waliokwisha kunywa damu ya Kristo hawawezi kunywa ya mbuzi. Baadhi yao walikataa pia bunduki za serikali, kwa hiyo walishukiwa msituni na kwenye kituo cha polisi vilevile. Wengine waliuawa. Watoto wetu shuleni husoma habari za wapiganaji na za walinzi wa serikali. Hawa waliosimama katikati mikono mitupu hupewa mistari michache, na inaniuma.

Cucu alitishwa usiku na watu aliowajua kwa sauti. Baadaye alihamishiwa kijiji cha Dharura chenye handaki na miiba, kama maelfu ya Waembu, Wameru na Wakikuyu.

Mmoja wa watu wale wa usiku alipoachiliwa kizuizini alikuja ushirikani. Baadhi ya ndugu walitaka aungame yote kwanza, ndipo apewe nafasi. Cucu alijibu kwamba yeye mwenyewe alipendwa kabla hajaungama lolote, akasogea kwenye benchi ili mtu yule akae. Jambo hilo liliwagawa ndugu kwa miaka. Mimi nasimama na Cucu.