Shamba la Shirika na Masharti Yake

  

Ndugu zangu wa Hai Jalaba, kulima pamoja kwa kujitolea, katika ardhi isiyo ya mtu mmoja, si jambo geni katika Uislamu. Na tarikh yatufundisha kwamba shamba la namna hiyo mara nyingi huharibiwa na maneno ambayo hayakusemwa mwanzo kuliko na jua au wadudu. Maneno hayo ni matatu: ardhi ni ya nani, kazi ni ya nani, na mavuno ni ya nani.

Muhajirina walipofika Madina mwaka 622, mali zao walikuwa wameziacha Makka. Wengi wao walikuwa wafanya biashara, kama walivyokuwa majalaba ambao mtaa wetu umechukua jina lao. Ansari, wenye mashamba, walimwomba Mtume awagawanyie mitende baina yao na ndugu zao. Mtume hakuridhia. Ndipo Ansari walipotoa shauri la pili: Muhajirina wasaidie kazi, na matunda washirikiane. Wote wakakubali. Basi mwenye ardhi hakupoteza ardhi yake, na mgeni hakula pasipo kutoka jasho.

Baada ya kufunguliwa Khaybar, mwaka wa 7 wa Hijra, Sayyidna Umar bin Khattab alipata huko ardhi nzuri kuliko mali yoyote aliyopata kuwa nayo. Alimwendea Mtume kutaka shauri, akaelekezwa aizuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Umar akaiweka wakfu: isiuzwe, isipewe mtu, isirithiwe, mazao yawe ya mafakiri, jamaa, wasafiri na wageni. Msimamizi naye akaruhusiwa kula kwa wema, pasipo kujilimbikizia mali. Masharti hayo yaliandikwa, na usimamizi akausiwa binti yake, Bibi Hafsa. Karne nyingi zimepita, na wanavyuoni wangali wakitoa hoja katika wakfu huo.

Sasa na tutazame mfano ulio karibu nasi. Askari wa Emin Pasha, waliokuwa Lado, kaskazini ya Juba yetu hii, walitengwa na Misri kwa vita vya Mahdi. Mwaka 1891 Lugard aliwakuta Kavalli, magharibi ya Ziwa Albert, akawachukua Uganda. Baadaye wakaingia jeshi la King's African Rifles, na kuanzia mwaka 1904 baadhi yao wakakaa Kibra, karibu na Nairobi. Hao ndio Wanubi, ambao lugha yao ni ndugu wa Kiarabu cha Juba. Walijenga, wakalima, wakalea watoto. Mwaka 1918 serikali ilitangaza ardhi hiyo kuwa ya jeshi, nayo ilikuwa eka 4,197. Wakulima walipewa vyeti vya ruhusa ya kulima, wala hawakupewa hati ya kumiliki. Watawala walipobadilika, na mji ulipotanuka, mashamba yakamegwa. Hati ya jumuiya yao waliipokea mwaka 2017, nayo ni ya eka 288. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata hivyo Kibra hiyohiyo imetoa funzo jingine. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa mwaka 2007, vijana wa hapo walisafisha jaa la takataka mwaka 2008, wakaligeuza bustani ya mboga. Haikuwangoja tajiri wala mfadhili wa ardhi njema. Walianza na uchafu uliokuwa mbele ya macho yao.

Basi sisi, kila tupatapo kiwanja cha msikiti au cha jumuiya, tusitangulize jembe mbele ya kalamu. Kwanza, mwenye ardhi aandike ruhusa yake mbele ya mashahidi, pamoja na muda wake. Pili, siku za kazi zijulikane, na hasa zamu ya kumwagilia maji. Wakati wa mvua watu huwa wengi. Kiangazi kiingiapo, khudra na bamia hubaki kwa mtu mmoja au wawili, na hapo ndipo manung'uniko huzaliwa. Tatu, mavuno yagawanywe kwa mafungu yaliyokubaliwa kabla ya mbegu kuingia ardhini: fungu la waliolima, fungu la mayatima na wajane, na fungu la mbegu za mwaka ujao. Hesabu na isomwe hadharani baada ya sala ya Ijumaa, na msimamizi asione haya kuulizwa.

Mtume ametufundisha kuwa apandaye mmea, akila humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Sadaka hiyo tusiitie doa kwa ugomvi wa mpaka na mavuno. Tumwombe Mwenyezi Mungu atujaalie mikono yenye kazi na nyoyo zenye amana. Amin.