Nafasi: Neno moja lenye maana nyingi, kutoka delta ya Rufiji hadi anga za juu

MSAFIRI anayekwenda Ruaruke, wilayani Kibiti katika Mkoa wa Pwani, akimwuliza kondakta kama gari lina nafasi, anauliza habari ya kiti. Akifika na mwenyeji wake akamwambia, "Leo sina nafasi," anaelewa kwamba kilichokosekana ni wakati. Na kijana anayemwaga mzazi kwa kusema kwamba anakwenda mjini kutafuta nafasi, anatafuta kazi. Neno ni lile lile, na hakuna anayebabaika.

Hata hivyo, maana za neno hili haziishii hapo. Wanafizikia, wajenzi, washairi na wakulima wa bondeni wote wana nafasi yao ya kuizungumzia, na kila mmoja huiona kwa jicho lake. Makala haya yanaeleza maana kuu za neno hilo na jinsi zinavyogusa maisha ya watu.

Katika lugha

Neno "nafasi" asili yake ni Kiarabu, ambako "nafas" ni pumzi. Kwa hiyo, kwa asili yake, nafasi ni pale mtu anapoweza kuvuta pumzi bila kubanwa. Kutokana na maana hiyo tunapata nafasi ya kukaa, nafasi ya muda na nafasi ya kujiendeleza.

Kiswahili hakikuridhika na neno hilo peke yake. Kina mahali, eneo, uwanja, uwazi, pengo, ombwe na anga, na kila moja lina mpaka wake. Zaidi ya hayo, sarufi yenyewe imeigawa nafasi mara tatu kwa viambishi vya mahali. PA huonyesha mahali dhahiri, panapoweza kuoneshwa kwa kidole. KU huonyesha mahali pasipo dhahiri au palipo mbali. Na MU huonyesha ndani. Ndiyo maana tunasema mezani pana kitabu, mjini kuna kelele na mikokoni mna kaa. Msemaji wa Kiswahili hawezi kutaja mahali bila kwanza kuamua ni mahali pa namna gani.

Katika sayansi

Wanasayansi nao hawakuafikiana upesi. Mwingereza Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, aliichukulia nafasi kuwa kama chombo kisichobadilika, ambacho kingekuwapo hata kama vitu vyote vingeondolewa ndani yake. Mjerumani Gottfried Leibniz alikataa. Kwake yeye, nafasi si chombo bali ni uhusiano kati ya kitu na kitu. Pasipo na vitu, hakuna nafasi ya kuzungumzia.

Mwaka 1915 Albert Einstein alikamilisha nadharia iliyoonyesha kwamba nafasi na wakati vimefungamana, na kwamba vitu vyenye uzito mkubwa huvipinda. Ushahidi wa mwanzo ulipatikana katika pande mbili za Bahari ya Atlantiki. Tarehe 29 Mei 1919, wakati wa kupatwa kwa jua, Arthur Eddington alipiga picha za nyota akiwa katika kisiwa cha Príncipe, magharibi mwa Afrika, huku wenzake wakifanya hivyo Sobral, Brazil. Picha hizo zilionyesha kwamba mwanga wa nyota hupinda unapopita karibu na jua.

Kwa mazoea ya kimataifa, anga za juu huhesabiwa kuanza takriban kilomita 100 kutoka usawa wa bahari. Pwani ya Afrika Mashariki imeshiriki katika safari za huko. Kuanzia mwaka 1967 Italia, kwa ushirikiano na Marekani, ilirusha satelaiti kutoka jukwaa la San Marco lililosimikwa baharini karibu na Malindi, Kenya. Mahali hapo palichaguliwa kwa kuwa ni karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia, wenye kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, huipa roketi msukumo wa ziada. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa kutoka hapo satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Katika ujenzi na sanaa

Nyumba za mawe za miji ya kale ya pwani, kama vile Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, zina vyumba virefu lakini vyembamba. Sababu yake iko mikokoni. Dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ikizidi urefu fulani haihimili uzito. Kwa hiyo upana wa chumba kwa kawaida haukuzidi mita tatu hivi, hata mwenye nyumba awe tajiri kiasi gani.

Delta ya Rufiji ilikuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya boriti hizo, ambazo majahazi yalizipeleka Zanzibar na hata Arabuni. Mti uliokua katika tope la Rufiji ndio ulioamua ukubwa wa sebule ya mbali. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi, na wakataji wengi wa boriti hizo waliishi katika nyumba za fito, udongo na makuti.

Katika ushairi wa mapokeo, mshororo wenye mizani 16 hugawanywa vipande viwili, ukwapi na utao, vyenye mizani minane kila kimoja. Pumziko lililo kati yake halina neno, lakini mwimbaji akilipuuza shairi huharibika. Vivyo hivyo wachongaji wa Kimakonde wana mtindo uitwao mawingu, ambamo uwazi ulioachwa katika mti una uzito sawa na mti uliobaki.

Katika delta

Kwa watu wa Rufiji na Kibiti, nafasi ni suala la chakula. Delta hiyo ina takriban hekta 53,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake Afrika Mashariki. Kutoka baharini haionyeshi siri zake. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha humo, na Waingereza walilazimika kutumia ndege kuongoza mizinga hadi ilipoangamia Julai 11, 1915.

Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, serikali iliwahamishia wakazi wa bonde katika vijiji vya miinukoni kwa Operesheni Rufiji. Huko juu palikuwa na usalama, lakini rutuba ilibaki chini. Wengi waliendelea kushuka bondeni kulima mpunga, wakilala katika madungu yaliyoinuliwa juu ya maji, na maji yalipopungua walipanda mazao ya mlau katika tope lenye unyevu. Eneo lililoonekana tupu mwezi mmoja lilikuwa shamba mwezi uliofuata.

Hapo ndipo maana ya neno inapogeuka kuwa mgogoro. Mwaka 1997 serikali iliridhia mradi mkubwa wa ufugaji wa kamba katika delta. Wakazi waliupinga hadi mahakamani, na mradi haukutekelezwa. Mwaka 2004 delta iliingizwa, pamoja na maeneo ya Mafia na Kilwa, katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Desemba 2022 bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, lilianza kujazwa maji huko juu ya mto. Na Aprili 2024 mafuriko makubwa yalifunika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti.

Kila tukio kati ya hayo liliibua swali lile lile: maji yana nafasi gani, na watu wana nafasi gani? Mpangaji aliye ofisini huona eneo katika ramani, na eneo laweza kuwa tupu. Mkulima wa Ruaruke huona mahali, na mahali pana majina, misimu na wenyewe. Leibniz angemwelewa. Kabla ya kusema kwamba pana nafasi, ni vyema kuuliza kwanza ni nani anayepumua hapo.