"Sista, mbona nimepewa dawa ya ARV na sina VVU?" (Sehemu ya 4)

Mama zangu, swali hili mmeniletea wengi inbox, hasa nyie wenye homa ya ini B. Jibu lake ni historia kidogo, tulia hapo na chai yako.

Mwaka 1981 Palmer Beasley na wenzake walichapisha walichokiona Taiwan, baada ya kuwafuatilia wanaume 22,707 watumishi wa serikali. Wenye kirusi cha B walipata kansa ya ini zaidi ya mara 200 kuliko wasio nacho. Mara mia mbili, jamani! Taiwan ikaanza kuchanja watoto wachanga mwaka 1984. Lakini aliyekwisha kuambukizwa, chanjo haimtoi kirusi.

Huyu alisaidiwa na dawa ya ugonjwa mwingine. Kirusi cha B hujinakili kwa njia inayofanana na ya VVU, kwa hiyo lamivudini, dawa ya VVU, ikajaribiwa kwake. Utafiti wa Yun-Fan Liaw na wenzake, uliotoka 2004, ulikuwa na watu 651 ambao ini lilishaanza kuwa na makovu mengi. Waliopata kansa ni asilimia 3.9 ya waliomeza dawa, na asilimia 7.4 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Ubaya wake, kirusi kiliizoea lamivudini haraka. Tenofovir, nayo ya VVU tangu 2001, ikaruhusiwa Marekani kwa homa ya ini B mwaka 2008, na hiyo haizoeleki kirahisi. Mwaka 2020 WHO ikashauri mjamzito mwenye kirusi kingi aimeze kuanzia wiki ya 28, ili mtoto asiambukizwe.

Na aspirini je? Mwaka 2020 watafiti walitoa takwimu za Sweden, watu 50,275 wenye homa ya ini B au C: ndani ya miaka 10 kansa ilikuwa asilimia 4.0 kwa wanaotumia aspirini kidogo kidogo, na 8.3 kwa wasiotumia. Ila huko ni kuangalia kumbukumbu tu, si jaribio. Usiende kuinunua dukani, inaweza kukutoa damu tumboni.

Kama umeandikiwa tenofovir, usimgawie shoga yako, na usiiache ghafla bila daktari, maana kirusi kinaweza kufumuka na ini likaumia vibaya. Kama hujapimwa B, uliza kliniki wiki hii. Mtoto naye apate pentavalenti wiki ya 6, 10 na 14. Chanjo ya B imo humo.

Sehemu ya 5: sumukuvu kwenye mahindi na karanga.