Makaburi ya Mbweni

Hapa Chwaka mtu akifa huzikwa karibu na wazee wake. Hata kaburi likiwa halina ila jiwe moja kichwani na jingine miguuni, pasipo maandiko, mzee wa mji akiulizwa hujibu: huyu ni fulani bin fulani, na wajukuu wake ni hawa. Ukoo ndio kitabu chao. Kwa hiyo kila nikatapo kisiwa kwenda upande wa magharibi, nikafika Mbweni, huingiwa na fikira nyingine.

Katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Yohana wamelala watu waliokatwa na koo zao. Shamba lile Askofu Tozer alilinunua mwaka 1871. Na tangu 1874, katika siku za Askofu Steere, waliwekwa pale watumwa waliotolewa majahazini na manowari za Kiingereza. Walitoka makabila mbalimbali ya bara. Walijenga, wakalima, wakaoana, na kanisa lao likamalizika 1882. Walakini hata hawajakaa sana, 1876 Askofu Steere aliwachukua baadhi yao kwenda kuanza mji wa Masasi; na wana wa waliobaki wengi wakahamia mjini. Basi makaburi yakaachwa na wale ambao wangeyajua.

Bibi Caroline Thackeray, aliyekuja 1877 akafundisha wasichana, akafa 1926, amezikwa papo hapo, na habari zake zimo vitabuni. Lakini aliyewekewa msalaba wa mti tu, je? Mchwa na mvua ya masika havijui heshima.

Wengi husema, tufyeke majani. Kufyeka ni kwema, tena ni kazi ya asubuhi moja. Majina ndiyo yanayotupotea. Afadhali tumchukue mzee anayekumbuka, tutembee naye kaburi kwa kaburi, tuandike, kisha tulinganishe na vitabu vya ubatizo na vya mazishi. (Tena nawasihi wapendao kupaka chokaa: msipake juu ya maandiko.)

Nilifanya hivyo siku moja na mama mmoja mzee. Alisimama penye mwinuko mdogo wa udongo, akasema, “Huyu alikuwa mama wa ubatizo wa mama yangu. Jina lake la Kikristo ni Agnes. La kwao hakulisema kamwe.” Nikaandika Agnes.