Eneo Lililovunwa Ngano katika Kenya na Tanzania

Mwenye kutaka kulinganisha kilimo cha ngano cha nchi mbili hutafuta kwanza hesabu ya eneo lililovunwa. Kwa Kenya na Tanzania hesabu hiyo yaonekana kuwa nyepesi. Tangu miaka ya 1960, Kenya imekuwa ikivuna ngano katika hektari 100,000 hivi, mara zikizidi, mara zikipungua. Tanzania, ijapokuwa ni nchi kubwa zaidi, kwa miaka mingi imevuna makumi ya maelfu tu ya hektari. Lakini kabla ya kuuliza sababu ya tofauti hiyo, yafaa kuyachungua maneno yaliyoandikwa juu ya hesabu, kwa kuwa kila neno hufunua jambo moja na kufunika jingine.

Kwanza, eneo lililovunwa si eneo lililopandwa. Shamba lililoharibiwa na ukame au na ugonjwa wa kutu hata mkulima akaliacha, huhesabiwa katika kupanda lakini halimo katika kuvuna. Pili, hesabu za zamani ziliandikwa kwa eka, na za baadaye kwa hektari. Hektari moja ni karibu eka mbili na nusu. Asiyeangalia kipimo aweza kudhani kwamba mashamba yamepungua kwa zaidi ya nusu, kumbe kilichobadilika ni kipimo.

Katika Kenya, ngano ya biashara ilianza kwa walowezi. Lord Delamere alipata eka 100,000 huko Njoro mwaka 1903, na majaribio yake ya kupanda ngano yaliharibiwa mara kwa mara na kutu. Kilimo hicho kilipata nguvu kwa mambo kadhaa yaliyotegemeana: reli iliyofika ziwani Kisumu mwaka 1901, kiwanda cha kusaga cha Unga Limited kilichoanzishwa mwaka 1908, na kituo cha kuzalisha mbegu kilichofunguliwa Njoro mwaka 1927. Kutu haikukoma. Aina iliyoonekana Uganda mwaka 1998, ambayo baadaye iliitwa Ug99, iliingia Kenya miaka michache tu baadaye na kuzishinda mbegu nyingi zilizodhaniwa kuwa salama.

Lakini mashamba hayo yalikuwa na wenyewe. Kwa mapatano ya mwaka 1904 na ya 1911, Wamasai waliondolewa katika sehemu kubwa ya malisho yao ya Bonde la Ufa na ya Laikipia. Waliposhtaki mwaka 1913, kesi yao ilikataliwa. Baada ya Uhuru ngano iliingia Narok pia, ambako wakulima wenye matrekta walikodi ardhi ya wafugaji, na nyanda za Loita zikapungua kwa mifugo na kwa nyumbu pia.

Katika Tanzania mpandaji mkubwa alikuwa Serikali. Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, lijulikanalo kwa jina la NAFCO, liliundwa mwaka 1969, na katika miaka ya 1970 na 1980, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba saba katika nyanda za Hanang, yapatayo eka 100,000 kwa jumla. Nyanda hizo zilikuwa malisho ya Wabarabaig. Sehemu zenye rutuba, waziitazo muhajega, ndizo walizozitegemea mifugo yao ilipohitaji majani bora. Na makaburi ya wazee wao, bung'eda, yalilimwa pamoja na udongo mwingine. Wanakijiji wa Mulbadaw walilishtaki shirika. Mahakama Kuu iliwapa haki mwaka 1984, lakini Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Msaada wa Kanada ulipokwisha katika miaka ya 1990, mashamba yalidhoofika, na baadaye baadhi yake yaligawiwa wananchi.

Kwa hiyo tofauti ya nchi hizi mbili haitokani na udongo na mvua peke yake. Ngano ya Kenya ilikuwa na reli, kinu, mbegu na wakulima wengi wenye kuitegemea. Ngano ya Hanang ilikuwa na nguzo mbili tu, Serikali na mfadhili, na nguzo moja ilipoondolewa, eneo likapungua.

Hata hivyo kuna jambo moja linalofanana pande zote, nalo limo katika kitenzi. Taarifa husema kwamba eneo la ngano “liliongezeka”. Kauli hiyo ya kutendeka haidai mtenda. Kitenzi “liliongezwa” humfanya msomaji aulize: na nani? Kutoka kwa nani? “Liliongezeka” humwacha adhani kwamba ardhi ilikua yenyewe, kama mtoto akuavyo. Wala safu ya pili haikuwekwa kando ya ile ya kwanza, ya malisho yaliyopungua, kwa sababu majani huliwa na ng'ombe, hayavunwi, na kisichovunwa hakikupata mahali katika daftari. Ndiyo maana malisho yaliweza kuitwa ardhi tupu. Mwanahistoria atakayelinganisha hektari za nchi hizi hana budi kuijaza safu hiyo ya pili. Na mwanalugha ana wajibu wa kumwonyesha kwamba nafasi yake iliachwa wazi na kiambishi kimoja tu.