Women in Film: Nani Huongoza Chama cha Wadada wa Muvi, na Wanafanyaga Nini Haswa?

Wasee, tuanze na hesabu kidogo. Mwaka wa 1979, wanawake sita waongozaji wa filamu kule Hollywood walikuwa wamechoka kukaa nyumbani wakingoja simu isiyolia. Wakaamua kuhesabu. Walipekua rekodi za miaka thelathini, filamu moja baada ya nyingine, wakiangalia nani aliongoza nini. Walipata filamu 7,332 za kampuni kubwa. Zilizoongozwa na wanawake? 14. Si asilimia 14, ni filamu kumi na nne. Ukitazama moja kila jioni, wiki mbili tu umemaliza kazi ya wanawake wote wa miaka thelathini.

Hiyo ndiyo hali iliyofanya kuwe na chama kama Women in Film cha Los Angeles. Chama kilikuwa tayari na miaka sita wakati hiyo hesabu inapigwa. Jina utakuwa umelisikia, haswa msimu wa Oscar ukifika na mastaa wanaanza kupiga picha kwa mapati yake. Lakini ukiuliza mtu nani huongoza hii kitu na anafanya nini, wengi wanakwama hapo. Basi leo tunaichambua.

Aliyeianzisha anaitwa Tichi Wilkerson Kassel, na story yake peke yake ni muvi. Bwana yake, Billy Wilkerson, ndiye alianzisha gazeti la The Hollywood Reporter mwaka wa 1930. Usidhani ni gazeti la udaku tu. Ni hilo hilo gazeti ambalo mwaka wa 1946 Billy alilitumia kutaja waandishi wa filamu aliodai ni wakomunisti, na watu wakapoteza kazi kwa miaka. Kwa hivyo hiyo karatasi ilikuwa na meno. Billy alipofariki 1962, Tichi alikuwa na miaka 36. Badala ya kuuza akae na doh yake, alikalia kiti mwenyewe, akawa mchapishaji na mhariri mkuu. Alikaa hapo hadi 1988, alipouza gazeti kwa zaidi ya dola milioni 26.

Sasa fikiria. Hapa kuna mama ambaye kila bosi wa studio lazima asome gazeti lake asubuhi kabla hajanywa chai. Akikupigia simu, utashika. Mwaka wa 1973 alitumia hiyo nguvu kukusanya wanawake wenzake wa kazi wakaunda Women in Film. Kati ya waanzilishi kulikuwa na Nancy Malone, muigizaji wa televisheni aliyechoka kungoja kuitwa mbele ya kamera. Miaka michache baadaye Malone akawa mwanamke wa kwanza kuwa makamu wa rais wa televisheni katika studio ya 20th Century Fox. Kulikuwa pia na Norma Zarky, wakili. Mchapishaji, muigizaji na wakili: angalia vile mbogi lilipangwa. Kila mmoja alikuwa na mlango wake wa kuingilia.

Mwaka wa 1977 wakaanza tuzo zinazoitwa Crystal. Lucille Ball alikuwa kati ya wa kwanza kuzipata, na huyo mama alikuwa amewahi kumiliki studio nzima. Watu hucheka tuzo, wanasema ni sherehe na nguo. Mimi naona vingine. Wakati huo mwanamke angeweza kufanya kazi miaka ishirini na asitajwe popote. Tuzo ilikuwa njia ya kuweka jina kwa rekodi, na pia kuleta mabosi chumba kimoja na wadada wanaotafuta kazi. Halafu 1985 wakaanza mfuko wa kumalizia filamu. Hii ni ya maana kushinda inavyosikika. Filamu nyingi za watu wasio na mgongo hufa mwishoni, si mwanzoni. Umeshapiga picha zote, umeishiwa, bado sauti na uhariri, na hakuna mtu anataka kulipia kitu ambacho hakionekani. Kila mtu aliyewahi kupiga filamu fupi hapa Nairobi na ikabaki kwa laptop anajua hayo maumivu.

Tukirudi kwa uongozi, hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Vyama hivi huwa na viti viwili vikubwa, na si kitu kimoja. Kuna rais wa bodi. Huyu kwa kawaida halipwi, ana kazi yake nyingine, na anachaguliwa kwa sababu ana jina na namba za simu za watu wakubwa. Halafu kuna mkurugenzi mtendaji, ambaye ameajiriwa. Huyu ndiye anafika ofisini kila siku, anaandika maombi ya pesa, anaajiri watu, anahakikisha miradi inatembea. Rais anafungua mlango, mkurugenzi anahakikisha mlango haujifungi tena. Ukiona chama kina rais maarufu lakini hakuna anayelipwa kufanya kazi, jua mapicha yatakuwa mengi kuliko kazi.

Mfano mzuri ni miaka ya Cathy Schulman. Alikuwa prodyuza wa Crash, ile filamu iliyochukua Oscar ya filamu bora mwaka wa 2006. Akawa rais wa Women in Film mwaka wa 2011, na kwa sehemu ya muda huo alikuwa pia anasimamia uzalishaji wa filamu katika kampuni ya STX. Yaani mchana ni bosi wa studio, jioni anawaambia mabosi wenzake wa studio kwamba wanabagua. Si rahisi hiyo. Lakini alikuwa na kitu ambacho mwanaharakati wa nje hana: hawangeweza kumwambia haelewi biashara.

Chini yake chama kilishirikiana na taasisi ya Sundance, ile ya tamasha la filamu, wakalipia utafiti wa kuuliza swali moja gumu: wanawake hupotelea wapi? Maana shuleni wako. Kwenye filamu fupi wako. Kwenye filamu ndogo za matamasha wako kiasi. Ukifika kwa filamu za mamilioni, wameyeyuka. Jibu lilikuwa refu, lakini shida kubwa ilikuwa mahali pesa zinapoamuliwa na picha iliyo kichwani mwa mtu anayeajiri. Akifikiria mwongozaji, anamuona mwanaume.

Mwaka wa 2017 wakazindua ReFrame, na zaidi ya watu 50 wenye vyeo Hollywood wakakubali kuwa mabalozi wake. Kutoka hapo ukaja muhuri. Filamu inapewa alama kulingana na nafasi kubwa zilizoshikwa na wanawake: mwandishi, mwongozaji, prodyuza, muigizaji mkuu, wakuu wa vitengo. Ikifikisha alama, inapata muhuri. Walipopima filamu 100 zilizouza zaidi mwaka wa 2017, ni 12 tu zilipita. Wonder Woman ilikuwa ndani, Lady Bird pia.

Halafu Oktoba 2017 ikalipuka story ya Harvey Weinstein, na kila kitu kikabadilika. Ghafla chama cha tuzo na mafunzo kilitakiwa kujibu swali lingine: dada akidhulumiwa kazini usiku wa leo, anapigia nani? Kufikia Desemba mwaka huo huo walikuwa na laini ya simu ya kusaidia watu wa sekta hiyo, ikiwaunganisha na mawakili na wataalamu wa ushauri. Aliyekuwa akiendesha ofisi wakati huo ni Kirsten Schaffer, na sidhani ni bahati tu kwamba hiyo laini ilisimama haraka. Kabla ya hapo aliongoza Outfest, tamasha la filamu la Los Angeles la watu ambao pia walizoea kufungiwa nje. Huyu hakutoka kwa studio, alitoka kwa kazi ya jamii. Mwishoni mwa 2018 Schulman akapisha, Amy Baer aliyewahi kuongoza CBS Films akachaguliwa rais wa bodi.

Sasa, lazima tuseme ukweli. Kuna swali ambalo halijawahi kuisha kuhusu hiki chama: je, unaweza kupigana na watu wanaolipia meza kwa karamu yako? Women in Film huishi kwa ada za wanachama, wafadhili na kampuni kubwa, zikiwemo za fashoni kama Max Mara. Wale wanawake sita wa 1979 walichukua njia nyingine kabisa. Walibeba hesabu yao hadi kwa chama cha waongozaji, na mwaka wa 1983 kesi ikapelekwa mahakamani dhidi ya Warner Bros. na Columbia. Mwaka wa 1985 jaji akaitupa, akisema chama cha waongozaji hakingeweza kuwawakilisha kwa sababu chenyewe kilikuwa na sehemu kwa hiyo shida.

Kwa hivyo njia ya kesi ilizimwa, ikabaki njia ya karamu. Na njia ya karamu imefika wapi? Utafiti unaojulikana sana wa Martha Lauzen unasema katika filamu 250 zilizouza zaidi Marekani mwaka wa 1998, waongozaji wanawake walikuwa asilimia 9. Mwaka wa 2018 walikuwa asilimia 8. Miaka ishirini, na wamerudi nyuma! Kwa upande mwingine, tangu hapo Chloé Zhao na Jane Campion wameshinda Oscar ya uongozaji mmoja baada ya mwingine, 2021 na 2022, wakati kabla yao alikuwa Kathryn Bigelow peke yake. Mimi sisemi chama kimeshindwa. Nasema kazi ya kushawishi mabosi hutembea kwa kasi ambayo mabosi wanataka.

Mtandao wenyewe ulienea mapema. New York walianzisha chama chao 1977, Toronto 1984. Wale wa New York wana kitu kimoja napenda sana: tangu 1995 wana mfuko wa kuhifadhi filamu za zamani zilizotengenezwa na wanawake, maana filamu ikioza kwa kopo hata jina la aliyeitengeneza linaoza nayo. Mwaka wa 1997 vyama hivi vikaungana kuwa mtandao wa dunia, WIFTI, wenye matawi zaidi ya 40. Prodyuza wa Uswidi, Helene Granqvist, amewahi kuwa rais wake. Upande wa Afrika, jina utakalosikia sana ni Inya Lawal wa Nigeria, ambaye ameongoza WIFT Africa.

Lakini kama unaniuliza nani amenifurahisha zaidi barani, nitakwambia Afrika Kusini. Mwaka wa 2016, kwenye tamasha la filamu la Durban, wanawake wa kazi hiyo waliunda SWIFT, na mwongozaji Sara Blecher wa Otelo Burning alikuwa kati ya waliokuwa mbele. Hawakuanza na tuzo. Walianza na usalama. Wanafunza watu wa kukaa setini kama maafisa wa usalama, ili ukishikwashikwa na mtu mwenye cheo, kuna mtu hapo hapo aliyefunzwa kukusikiliza na anayejua hatua inayofuata. Hakuna mambo ya kungoja hadi mradi uishe. Ukiwa umewahi kufanya kazi setini, ile ya kuamka saa kumi usiku na kurudishwa nyumbani na gari la mtu usiyemjua, unaelewa mara moja kwa nini hiyo ni kubwa kuliko kombe.

Na hapa kwetu je? Kenya ni case ya ajabu kidogo, kwa sababu majina yetu makubwa ya filamu mengi ni ya wanawake. Anne Mungai alitoa Saikati mwaka wa 1992. Wanjiru Kinyanjui akafuata na The Battle of the Sacred Tree. Judy Kibinge alitupa Dangerous Affair, halafu akaanzisha Docubox, mfuko ambao umewasaidia wengi wa Afrika Mashariki kumaliza filamu zao, wanaume kwa wanawake. Hawa Essuman, Toni Kamau, orodha inaendelea. Tamasha la Udada likaanza Nairobi 2014 kwa filamu za wanawake. Lakini bango lenye jina la mwongozaji mmoja halikuonyeshi msichana wa sauti anayelipwa nusu, ama yule wa mavazi anayeambiwa atalipwa wakilipwa.

Umuhimu wa kuwa na kikundi nyuma yako ulionekana na Rafiki ya Wanuri Kahiu. Mwaka wa 2018 ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes, na kabla hata haijaonyeshwa huko ikapigwa marufuku nyumbani. Wanuri hakwenda kortini peke yake, alienda na kikundi cha watu wa sanaa, Creative Economy Working Group. Septemba mwaka huo Jaji Wilfrida Okwany akaondoa marufuku kwa siku saba. Watu walipiga foleni Nairobi, tiketi zikaisha. Siku ya nane marufuku ikarudi, na kesi ikabidi iendelee.